Mitokondria na protini zilizokunjika vibaya: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya hurudi kila mada hii inapoguswa, hasa kutoka kwa wanafunzi wa baiolojia na famasi, na kutoka kwa watu waliokutana na tangazo la vidonge vya "kuamsha mitokondria", yaani sehemu za seli zinazotengeneza nishati. Anayejua misingi aanzie sehemu ya pili. Aliyekuja kwa ajili ya dawa ashuke moja kwa moja hadi sehemu ya nne.

## 1. Misingi

Protini "iliyokunjika vibaya" ni ipi?

Protini hutengenezwa ikiwa uzi mrefu wa asidi amino. Uzi huo hauna kazi mpaka ujikunje na kupata umbo lake. Ukikosea kujikunja, sehemu zake zinazokimbia maji, ambazo zilipaswa kufichwa katikati, hubaki nje na kunatana na protini nyingine, hadi kutokea madonge yasiyoyeyuka. Hilo hutokea katika kila seli, kila wakati. Msongo huanza pale protini mbovu zinapozidi uwezo wa seli wa kuzinyoosha au kuzikatakata.

Kwa nini mitokondria hasa ndizo zenye tatizo hili?

Kwa sababu protini zake zinatoka katika DNA mbili. Mitokondria za binadamu zina DNA yao yenye jozi 16,569 za herufi na jeni 37, na kati ya hizo ni 13 tu zinazotoa protini. Protini nyingine, zaidi ya 1,000, zimeandikwa katika DNA ya kiini cha seli, hutengenezwa nje kwenye saitoplazimu (majimaji ya seli), kisha huingizwa kupitia milango iitwayo TOM na TIM. Milango hiyo ni myembamba, hivyo protini nyingi hupita zikiwa zimenyooka kama uzi na hukunjwa zikishafika ndani. Kila siku, basi, mitokondria hupokea maelfu ya nyuzi zinazohitaji msaada.

Kuna pia suala la uwiano. Kompleksi ya kwanza ya mnyororo wa upumuaji, yaani mashine zinazotumia oksijeni kutoa nishati, kwa mamalia ina vipande 45: saba vinasomwa kutoka DNA ya mitokondria, vilivyobaki kutoka kiini. Upande mmoja ukichelewa, vipande vya upande wa pili hubaki bila wenzao, na kipande kisicho na mwenzake huharibika haraka. Na yote haya yanatendeka mahali ambapo oksijeni inachomwa na mabaki yake makali yanagonga protini zilizo karibu.

Seli hufanya nini mitokondria zikizidiwa?

Hupeleka habari kwenye kiini, na kiini huwasha jeni za msaada. Kundi la kwanza ni shaperoni, yaani protini zinazosaidia nyingine kujikunja: HSP60 pamoja na mwenzake HSP10, na HSP70 ya mitokondria. Kundi la pili ni vimeng'enya vinavyokata protini zisizotengenezeka, kama LONP1 na CLPP. Wakati huohuo seli hupunguza utengenezaji wa protini mpya ili mzigo upungue. Mwitikio huu katika majarida huandikwa kwa kifupi UPRmt, na ndivyo tutakavyouita hapa.

Mitokondria ikishindikana kabisa, huwekwa alama na kumezwa. Kazi hiyo huongozwa na PINK1 na Parkin, ambazo zinarudi katika swali la Parkinson.

Huu si ule mwitikio wa retikulamu ya endoplazimu?

Hapana, ingawa majina yanafanana. Retikulamu, sehemu nyingine ya seli inayokunja protini, ina vipokezi vitatu vinavyojulikana, IRE1, PERK na ATF6, vilivyopachikwa kwenye utando wake. Kwa mitokondria hakuna kipokezi cha namna hiyo kilichopatikana, na ndiyo maana swali la "kiini kinajuaje?" limewasumbua watafiti kwa zaidi ya miaka 20.

## 2. Ilivyogunduliwa, na mchango wa mnyoo

Nani waligundua?

Kundi la Nicholas Hoogenraad katika Chuo Kikuu cha La Trobe, Melbourne. Mwaka 1996 walionyesha kwamba seli zilizoondolewa DNA ya mitokondria huongeza HSP60 na HSP10. Mwaka 2002 wakaenda mbali zaidi: waliingiza ndani ya mitokondria kimeng'enya cha ini kilichokatwa kipande ili kisiweze kujikunja. Shaperoni za mitokondria zikapanda, zile za retikulamu hazikupanda. Kwa jaribio hilo ikajulikana kwamba mitokondria ina ishara yake peke yake.

Mbona tafiti nyingi zimefanywa kwa mnyoo?

*Caenorhabditis elegans* ana urefu wa takribani milimita 1, mwili wake unapenya mwanga, na maisha yake ni wiki mbili hadi tatu. Mwaka 2004, maabara ya David Ron huko New York iliunganisha jeni za shaperoni za mnyoo huyo na protini inayong'aa kijani. Mtafiti akawa anazima jeni moja moja na kutazama kwa hadubini ni mnyoo yupi anayewaka. Kwa panya kazi kama hiyo ingechukua miaka mingi na fedha nyingi.

Faida hiyo ina gharama yake. Vitabu vingi vimechukua mchoro wa mnyoo na kubandika juu yake jina la binadamu. Tazama sehemu ya 3 kabla ya kuuamini.

ATFS-1 inafanyaje kazi?

ATFS-1 ni protini ya mnyoo inayowasha jeni. Ina anwani mbili: moja ya mitokondria, nyingine ya kiini. Mitokondria zikiwa nzima, huiingiza ndani na kuikatakata. Zikiwa dhaifu, uingizaji hupungua, ATFS-1 hubaki nje, anwani ya pili inafanya kazi, nayo huenda kwenye kiini na kuwasha jeni za msaada. Ni kama barua anayoletewa kila siku mtu ambaye huichoma bila kuisoma. Siku asipoweza kufungua mlango, inaenda kwa jirani na kusomwa.

Uzuri wa mpango huu, ulioelezwa na kundi la Cole Haynes mwaka 2012, ni kwamba hauhitaji kipokezi. Uwezo wa kuingiza protini wenyewe ndio kipimo cha afya. Mwaka 2014 ilionekana pia kwamba ATFS-1 huwasha jeni za kinga mnyoo anaposhambuliwa na bakteria *Pseudomonas aeruginosa*, kwa kuwa vimelea vingi hutoa sumu zinazolenga mitokondria. Kwa mnyoo, mitokondria kulemewa ni dalili ya kuvamiwa.

Ni kweli kwamba msongo huu unarefusha maisha?

Kwa mnyoo, mara nyingine ndiyo. Mwaka 2011 kundi la Andrew Dillin lilipunguza kipande kimoja cha mnyororo wa upumuaji kwenye neva au kwenye utumbo tu, na mnyoo mzima akaishi muda mrefu zaidi. Muda wa kufanya hivyo una uzito: msongo unapaswa kuja mnyoo angali mchanga. Ukiletwa akiwa amekomaa, maisha hayarefuki. Mwaka 2013 kundi la Johan Auwerx huko Lausanne lilipata matokeo kama hayo kwa kuvuruga uwiano wa protini za DNA mbili, na likaonyesha kwamba kati ya nasaba za panya, zile zenye kiwango kidogo cha ribosomu (mashine za kutengeneza protini) za mitokondria ziliishi zaidi.

Halafu mwaka 2014 kundi la Matt Kaeberlein huko Seattle likapima njia nyingi za kuwasha UPRmt kwa mnyoo na kukuta kwamba kuwaka kwake hakutabiri urefu wa maisha. Kuna minyoo waliowaka sana na wakafa mapema. Kwa maoni yangu kazi hiyo inatajwa kidogo kuliko inavyostahili. Habari za kurefusha maisha hupendeza zaidi, na hata wahariri wa majarida ni binadamu.

Neva ikilemewa, utumbo unajuaje?

Kwa ishara zinazosafiri mwilini, ambazo huitwa mitokaini. Kwa mnyoo, serotonini imehusishwa mwaka 2016 na ishara za familia ya Wnt mwaka 2018. Kwa mamalia zinazotajwa zaidi ni FGF21 na GDF15, ambazo ni homoni. Matumizi yake hospitalini yako katika swali la kipimo cha damu.

## 3. Kwa binadamu na mamalia

Binadamu ana ATFS-1?

Jibu fupi la vitabu ni "ATF5". Mwaka 2016 ilionyeshwa kwamba ATF5 ya binadamu inaweza kushika nafasi ya ATFS-1 ndani ya mnyoo aliyeikosa, nayo pia hugawanyika kati ya mitokondria na kiini. Lakini mwaka uliofuata kundi la Auwerx lilizipa seli za binadamu dawa nne tofauti zinazosumbua mitokondria, likapima jeni, protini na kemikali za seli kwa pamoja, na aliyejitokeza mbele alikuwa ATF4, protini nyingine inayowasha jeni.

ATF4 si mali ya mitokondria. Ni sehemu ya mwitikio mpana wa seli dhidi ya njaa, virusi na mengineyo. Mitokondria zinaazima njia iliyokuwepo.

Mfano mwingine wa tofauti ni CLPP. Kwa mnyoo, kimeng'enya hiki kilielezwa kuwa cha lazima ili ishara itoke. Kwa panya, watafiti wa Cologne walionyesha mwaka 2016 kwamba CLPP ikiondolewa mwitikio unaendelea, na panya wenye ugonjwa wa moyo wa mitokondria wakapata nafuu.

ATF4 inapataje habari kutoka mitokondria?

Jibu lilipatikana mwaka 2020, na maabara mbili zililichapisha kwa wakati mmoja: ya Martin Kampmann huko San Francisco na ya Lucas Jae huko Munich. Kwenye utando wa ndani wa mitokondria kuna kimeng'enya OMA1. Kikiamshwa na msongo, hukata protini iitwayo DELE1. Kipande kilichokatwa hujikusanya kwenye saitoplazimu na kuiwasha HRI, kimeng'enya kilichoko huko. HRI hupunguza utengenezaji wa protini kwa jumla, na katika hali hiyo ATF4 ndiyo hupata nafasi ya kutengenezwa kwa wingi.

HRI ilikuwa inajulikana siku nyingi katika seli zinazotengeneza chembe nyekundu za damu, ambako hupima kama himu ya kutengenezea himoglobini inatosha. Kumbe ina kazi ya pili.

Basi HSP60 inawashwa na DELE1?

Si lazima, na hapa ndipo wengi huchanganya. DELE1 na ATF4 zinaeleza vizuri kupungua kwa utengenezaji wa protini na mabadiliko ya asidi amino. Shaperoni na vimeng'enya vya kukata vina maelezo mengine, yaliyotolewa mwaka 2023 na kundi la Christian Münch huko Frankfurt.

Walikuta kwamba panahitajika ishara mbili kwa pamoja. Ya kwanza ni oksijeni kali inayovuja kutoka mitokondria. Ya pili ni protini za mitokondria zilizokwama nje, kwenye saitoplazimu, kwa sababu milango imelemewa. Oksijeni kali hubadilisha msaidizi mmoja aitwaye DNAJA1, msaidizi huyo huvuta HSP70 kwenda kuhudumia protini zilizokwama, na HSP70 ikiondoka huiacha huru HSF1, protini inayowasha jeni, iliyokuwa imeishika. HSF1 huingia kwenye kiini na kuwasha jeni za shaperoni za mitokondria.

Zingatia mahali kipimo kilipo: nje ya mitokondria. Kwa hiyo tafiti za chachu za mwaka 2015 zilizoeleza madhara ya protini zilizokosa kuingia, ambazo wakati huo zilionekana kama hadithi ya pembeni, sasa ziko katikati ya mada.

Mwitikio huzimwaje?

Swali zuri, na kwa miaka mingi halikuulizwa. Mwaka 2024 kundi la Michael Rape huko Berkeley lilieleza mashine ya seli iitwayo SIFI. Kazi yake ni kutia alama ya kuharibiwa kwenye protini za mitokondria zilizokwama nje, na pia kwenye DELE1 na HRI zenyewe. Zilizokwama zikiwa nyingi, SIFI hushughulika nazo na DELE1 inaachwa iendelee. Zikiisha, SIFI huigeukia DELE1 na HRI, na mwitikio unazimika.

Jeni ya kipande kimoja cha SIFI, UBR4, ikiharibika huhusishwa na magonjwa ya neva. Na seli zilizokosa SIFI ziliweza kuokolewa kwa dawa ya kuzima mwitikio, ingawa protini zilizokwama zilikuwa bado zimejaa. Maana yake kilichokuwa kikiziua ni mwitikio usiokoma. Kwangu mimi hii ndiyo kazi iliyobadilisha mwelekeo: kabla yake takribani kila mtu alitafuta namna ya kuwasha.

## 4. Magonjwa na dawa

Kuna magonjwa yanayotokana moja kwa moja na mfumo huu kuharibika?

Yapo, na ni adimu. Hitilafu kwenye jeni ya HSP60 husababisha aina ya kupooza miguu kwa kukaza, SPG13, iliyoelezwa mwaka 2002, na ugonjwa mkali zaidi wa watoto unaozuia neva kupata utando wake wa mafuta. CLPP ikiharibika hutokea sindromu ya Perrault: uziwi, na kwa wanawake ovari kushindwa kazi. LONP1 huleta sindromu ya CODAS inayogusa ubongo, macho, meno, masikio na mifupa. AFG3L2, kimeng'enya cha utando wa ndani, huleta aina ya 28 ya kuyumba kwa sababu ya serebela, sehemu ya nyuma ya ubongo.

Kwa nini jeni inayofanya kazi mwili mzima iumize masikio na ovari peke yake? Hakuna maelezo yanayoridhisha.

Na Parkinson na Alzheimer?

Uhusiano upo, ila si wa chanzo kimoja na tokeo moja. PINK1 na Parkin, jeni mbili za Parkinson ya kurithi, ndizo zinazoondoa mitokondria mbovu, na protini zilizokunjika vibaya ndani ya mitokondria zinatosha kuiamsha PINK1. Kwa Alzheimer, kundi la Auwerx lilionyesha mwaka 2017 kwamba kuimarisha UPRmt kulipunguza madonge ya amiloidi kwa minyoo na panya.

Upande wa pili, mwaka 2017 pia, minyoo ambao ATFS-1 yao ilikuwa imewashwa muda wote walipoteza neva za dopamini, zilezile zinazokufa katika Parkinson. Soma pamoja na swali la SIFI.

Saratani je?

Hapa ndipo utafiti umefika kwenye duka la dawa. Dawa ONC201, jina lake la kitabibu dordaviprone, huiamsha CLPP kupita kiasi hadi ikate protini nzima za mitokondria na kuilemea seli ya saratani. Utaratibu huo ulielezwa mwaka 2019. Agosti 2025 mamlaka ya dawa ya Marekani iliiruhusu, kwa kibali cha haraka, kwa uvimbe wa ubongo aina ya glioma wenye mabadiliko ya jeni yaitwayo H3 K27M. Inasaidia sehemu ya wagonjwa. Si tiba ya kumaliza ugonjwa.

ARV za zamani zilikuwa zikiharibu mitokondria. Ndilo jambo hilihili?

Ni jirani yake. Stavudini, ambayo wagonjwa wengi wa Afrika Mashariki waliianzia katika miaka ya 2000, huzuia kimeng'enya kinachonakili DNA ya mitokondria. DNA ikipungua, protini zake 13 hupungua na uwiano huvunjika, sawa na ulivyoelezwa katika swali la pili. Wanaokumbuka ganzi na moto miguuni au mashavu kubonyea wanajua matokeo yake. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilishauri iachwe hatua kwa hatua. Dawa zinazotolewa sasa hazina ukali huo kwa mitokondria. Mtu asiache dozi kwa kusoma ukurasa huu.

Doksisaiklini je? Nimeandikiwa.

Imeze kama ulivyoelekezwa. Ni kweli kwamba ribosomu za mitokondria zinafanana na za bakteria, na doksisaiklini huzigusa. Ndiyo sababu inatumika maabara kuvuruga uwiano wa protini. Onyo la mwaka 2015 kutoka Lausanne liliwahusu zaidi watafiti wanaoitumia kama swichi ya kuwasha jeni katika seli na panya, bila kujua kwamba swichi yenyewe inabadilisha matokeo.

Vidonge vya NAD, kama nikotinamidi ribosidi, vinaamsha UPRmt?

Kwa minyoo na panya, ndiyo. Kwa binadamu vinapandisha NAD, kemikali ambayo seli huitumia kutoa nishati, kwenye damu, na hapo ndipo ushahidi imara unapoishia. Hakuna jaribio lililoonyesha kwamba vinarefusha maisha ya mtu. Anayekuuzia kwa kukuonyesha grafu, muulize ni grafu ya mnyama gani.

Kuna kipimo cha damu?

Hakuna cha UPRmt yenyewe. FGF21 na GDF15 hupimwa katika vituo vinavyochunguza magonjwa ya misuli ya mitokondria, na zikipanda sana huelekeza uchunguzi. Lakini GDF15 hupanda pia katika saratani, kwa wanaotumia metfomini (dawa ya kisukari), na hupanda mno katika ujauzito, ambako imehusishwa na kichefuchefu. Namba peke yake haitoshi.

## 5. Maswali ya pembeni

Mwitikio huu unaweza kulinda kitu kibaya?

Ndiyo. Mtu au mnyoo anaweza kuwa na DNA nzima na DNA mbovu za mitokondria ndani ya seli moja. Mwaka 2016 ilionekana kwamba kwa minyoo ATFS-1 huisaidia DNA mbovu kudumu, kwa kuwa seli inapojaribu kujenga upya mitokondria inazizalisha zote bila kuchagua. ATFS-1 ilipoondolewa, sehemu ya DNA mbovu ilishuka.

Makala inasema "UPRmt imeamshwa" kwa sababu HSP60 imepanda. Niikubali?

Angalia kwanza wamesababishaje msongo. Kuweka protini isiyokunjika ndani ya mitokondria, au kuzuia shaperoni zake kwa dawa kama GTPP, ni msongo wa kukunjika hasa. Kuondoa chaji ya utando kwa kemikali FCCP huzuia uingizaji wa protini na huamsha OMA1. Huo ni msongo mpana zaidi. Kemikali nyingine, antimaisini, huzuia upumuaji. Makala nyingi huviita vyote kwa jina moja.

Pili, tazama kama wamepima ATF4 na mwenzake CHOP tu. Hizo hupanda hata seli ikikosa asidi amino, mitokondria zikiwa salama. Mimi hutaka kuona LONP1 na HSP60 zikipanda, shaperoni za retikulamu zikitulia, na jaribio la kuondoa HSF1 au DELE1.

Msongo wa mzazi hurithiwa?

Kwa mnyoo, ndiyo, katika hali maalumu. Kundi la Ye Tian huko Beijing lilionyesha mwaka 2021 kwamba ishara ya Wnt kutoka neva zilizolemewa huongeza DNA ya mitokondria kwenye mayai, na hali hiyo iliendelea kwa zaidi ya vizazi 50. Watoto hao waliishi zaidi na kustahimili msongo, ila walikua polepole na kuzaa wachache. Kwa binadamu hakuna kilichoonyeshwa.